Frankenstein ni Nani Hasa? Mary Shelley na Kiumbe Asiye na Jina

Kila ikitoka filamu mpya yenye jina la Frankenstein, ubishi uleule hurudi. Mmoja anasema Frankenstein ni lile jitu lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Wa pili anamkatiza: la, huyo ni daktari aliyeliunda. Wa tatu, ambaye mara nyingi hajasoma kitabu wala kutazama filamu, anaapa kwamba ni mtu aliyeishi kweli. Filamu ya Guillermo del Toro ya mwaka 2025 iliuchochea upya, na siku hizi akili mnemba nayo imetiwa humo humo. Mashine ikijibu kama binadamu, hakosi mtu wa kuonya kwamba "tumejiundia Frankenstein".

Mimi ni mpenzi wa riwaya za kutisha, na katika waandishi wake wote Mary Shelley, aliyeandika riwaya ya Frankenstein, ndiye ninayemrudia zaidi, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Nami niliwahi kulikosea jina hilo kwa miaka mingi. Niliposoma kitabu chenyewe ndipo nilipogundua kwamba ubishi huu si wa kijinga hata kidogo: swali la nani anaitwa nani ndilo kitabu kizima kinalizunguka.

Tuanze na majina. Frankenstein ni jina la ukoo. Mwenye jina hilo ni Victor Frankenstein, kijana wa Geneva, Uswisi, anayekwenda kusoma chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani. Si daktari. Hakuna ukurasa anaohitimu udaktari wala kumtibu mgonjwa. Ni mwanafunzi tu, tena wa aina ile inayojifungia chumbani na kusahau kuwaandikia wazazi. Udaktari alikuja kupewa na sinema. Aliyeundwa naye hana jina tangu mwanzo hadi mwisho. Victor humwita pepo, shetani, dubwana, kutegemea hasira za siku hiyo. Kwa Kiswahili wengi tungesema zimwi. Hapa nitamwita kiumbe, maana ni neno lisilomhukumu kabla hajafungua mdomo.

Wapo wanaojitetea kwa hoja nzuri: mtoto si huchukua jina la baba? Basi hata kiumbe ni Frankenstein, ubishi umekwisha. Ningeikubali hoja hiyo kama baba angekuwa amemkubali mtoto. Jina la ukoo ni kama ufunguo wa nyumba, unapewa na aliye ndani. Victor alipoona macho ya kazi yake yamefumbuka, alikimbia chumba. Kisa chote kinaanzia hapo, kwenye kukimbia kule, wala si kwenye sayansi.

Kwa asiyekisoma, kisa kwa ufupi ni hiki. Victor anakusanya viungo kutoka vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni. Anamjenga kiumbe wa futi 8, kwa sababu viungo vidogo vilikuwa vinamchelewesha. Usiku mmoja wa Novemba, mvua ikigonga dirisha na mshumaa ukikaribia kuisha, kiumbe anavuta pumzi. Victor anatoroka. Kiumbe, aliye mkubwa wa mwili na mchanga wa akili, anazurura msituni akila matunda ya porini, mpaka anapojificha kwenye kibanda kilichoungana na nyumba ya familia maskini. Anawachungulia kupitia ufa, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, anawakatia kuni usiku bila wao kujua ni nani. Anaokota vitabu na kujifunza kusoma. Anaposhika shairi refu la John Milton kuhusu Adamu na Shetani, anajiuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Kila anapojitokeza kwa watu anapigwa au wanakimbia. Mwishowe anaanza kuua.

Kuna methali tunayoijua sote: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sijaona kitabu kinachoitimiza kwa ukatili kama hiki. Kiumbe anamjua Victor, na kweli hamli akamaliza, hamuui. Anakula pembezoni. Anaanza na mdogo wake William, na mtumishi Justine ananyongwa kwa kosa ambalo si lake. Rafiki yake Clerval anafuata, kisha bibi harusi Elizabeth, usiku wa ndoa yenyewe. Katikati ya mauaji hayo aliomba kitu kimoja: aundiwe mwenzi, naye angeondoka asionekane tena. Victor akakubali, akaanza kazi katika visiwa vya Orkney, kisha akaichanachana mbele ya macho ya mwombaji.

Jambo lingine linalowachanganya wasomaji ni namna kisa kinavyosimuliwa. Ni kama kuambiwa habari za ugomvi na jirani, ambaye aliambiwa na mmoja wa waliogombana, ambaye naye ananukuu maneno ya mwenzake. Nahodha Walton, akiwa amekwama kwenye barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua anasimulia Victor. Ndani ya masimulizi ya Victor anasema kiumbe. Sauti yake imewekwa katikati kabisa, imepita kwenye mdomo wa mtu anayemchukia, na bado ndiyo sauti yenye ufasaha kuliko zote. Hiyo ni kazi ya fundi. Na fundi huyo alikuwa na umri wa miaka 18 alipoianza.

Radi haimo

Muulize yeyote kiumbe alipataje uhai, atakwambia kwa radi: kitanda kinapandishwa juu darini, umeme unapiga, "Yuko hai!" Kitabuni hakuna. Victor anasema alikusanya vyombo vyake ili atie cheche ya uhai katika kitu kile kilicholala miguuni pake, basi. Siri yenyewe anakataa kuitoa, akisema hataki imwangamize mwingine. Kwa maoni yangu Mary alikuwa na akili kuliko wote waliomfuata. Mtambo ukishaonyeshwa huzeeka, ila cheche isiyoelezwa haizeeki.

Hata hivyo, umeme ulikuwemo hewani wakati ule. Mwitaliano Luigi Galvani alichapisha mwaka 1791 majaribio yaliyoonyesha mguu wa chura aliyekufa ukiruka unapoguswa na umeme. Mpwa wake Giovanni Aldini alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1803, mjini London, aliunganisha betri na maiti ya mtu aliyekuwa amenyongwa kwa mauaji. Taya likatetemeka na jicho moja likafunguka. Hakuna aliyefufuka. Umeme ulikuwa unakaza misuli tu, lakini waliotazama hawakuwa na namna rahisi ya kujua mpaka uko wapi kati ya kutikisika na kuishi. Mary alikulia katika nyumba ambamo wanasayansi na washairi walikula meza moja, na mazungumzo ya aina hiyo yalikuwa ya kawaida.

Hapo ndipo alipoachana na waliomtangulia. Riwaya za kutisha za enzi yake, zinazoitwa za Kigothiki, zilijaa magofu, mizuka na wasichana waliofungiwa minarani. Mary aliuondoa mzimu akamweka mwanafunzi mwenye bidii. Ndiyo maana wengi wanakihesabu kitabu chake kuwa mzazi wa bunilizi ya kisayansi. Jina lake la pili, Prometheus wa Kisasa, linatokana na visasili vya Ugiriki: Prometheus ndiye aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu, na katika masimulizi mengine ndiye aliyewafinyanga wanadamu kwa udongo.

Binti wa marehemu

Watu hushangaa msichana wa umri ule aliyatoa wapi haya. Ukiyajua maisha yake, mshangao unapungua.

Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Baba yake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa wa siasa. Mama yake, Mary Wollstonecraft, aliandika mwaka 1792 kitabu cha kutetea haki za wanawake ambacho mpaka leo kinasomwa. Kondo la nyuma halikutoka vizuri, daktari akalitoa vipande vipande kwa mkono, homa ya uzazi ikaingia, na tarehe 10 Septemba mama akafariki. Mtoto alirithi jina lake zima. Alikua akienda kusoma vitabu kwenye kaburi ambalo juu yake limechongwa jina lake mwenyewe.

Akiwa na miaka 16, Julai 1814, alitoroka kwenda Ufaransa na mshairi Percy Bysshe Shelley, aliyekuwa na mke. Tusilipake rangi: Harriet, mke huyo, aliachwa akiwa mjamzito, na Desemba 1816 akapatikana amejizamisha katika maji ya bustani ya Hyde Park. Ninampenda Mary kama mwandishi, lakini sehemu hii ya maisha yake haisomeki kwa raha, na wanaoisimulia kama hadithi tamu ya mapenzi wanamruka mtu.

Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike njiti. Siku chache baadaye akamkuta amekufa. Katika shajara anaitwa "mtoto" tu. Tarehe 19 Machi akaandika kwamba ameota mwanawe amerudi kuwa hai. Kwamba alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Kisha akaamka. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye alianza kuandika juu ya mtu anayetia uhai katika mwili baridi. Sisemi kwamba ndoto ile ndiyo riwaya, maana vitabu havitengenezwi kirahisi hivyo. Ila anayesema Mary aliazima kila kitu kutoka kwa wanaume waliomzunguka, aisome kwanza shajara ile.

Je, aliandika usiku mmoja?

Hii ndiyo hadithi maarufu kuliko riwaya yenyewe. Aprili 1815 mlima wa volkano wa Tambora, katika Indonesia ya leo, ulilipuka na kurusha majivu na gesi nyingi angani kiasi cha kupunguza mwanga wa jua. Mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Mazao yaliharibika na mvua haikukatika. Juni 1816 Mary, Percy na Claire, binti wa mama yake wa kambo, walikuwa kando ya ziwa Geneva, karibu na nyumba iitwayo Villa Diodati aliyokuwa amepanga mshairi Lord Byron pamoja na daktari wake kijana, John Polidori. Mvua ikawafungia ndani. Wakasomeana hadithi za mizuka za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, na Byron akapendekeza kila mmoja atunge yake.

Kwa mujibu wa Mary mwenyewe, siku zilipita hana kitu, kila asubuhi anaulizwa na anajibu hapana. Kisha usiku mmoja, macho yamefumbwa lakini usingizi haupo, akamwona mwanafunzi aliyepauka amepiga magoti kando ya kitu alichokiunda. Kilichozaliwa usiku ule ni picha. Kitabu kilimchukua hadi majira ya kuchipua ya 1817, na katika miezi hiyo dada yake wa kwa mama, Fanny, alijiua, Harriet akafa, Mary akafunga ndoa na Percy tarehe 30 Desemba na kushika mimba nyingine. Washairi wawili wakubwa wa shindano lile hawakumaliza chochote cha maana. Polidori alichukua kipande alichokitupa Byron akakigeuza kuwa hadithi ya mnyonya damu wa tabaka la juu, iliyochapishwa mwaka 1819, na ukoo wa Dracula unaanzia hapo. Nyumba moja, mvua moja, na mashetani wawili mashuhuri zaidi wa fasihi ya Ulaya! Hilo sichoki kulisimulia.

Kitabu kilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, juzuu tatu, bila jina la mwandishi. Utangulizi aliuandika Percy kwa sauti ya mwandishi, na wakfu ulikwenda kwa Godwin. Mwandishi Walter Scott, aliyekisifu katika jarida, alidhani ni cha Percy. Mary akamwandikia barua kumsahihisha.

Dhana hiyo haijafa. Mpaka leo kuna wanaodai Percy ndiye mwandishi wa kweli. Kwa bahati, miswada ipo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, na miandiko ya wawili hao inatofautishwa. Mtafiti Charles Robinson aliyeichambua alikadiria kwamba Percy aliongeza maneno 4,000 hadi 5,000 katika kitabu chenye takriban 72,000. Mengi ni ya kubadilisha neno jepesi kwa zito, na si kila mara kwa faida. Anayepiga msasa meza amesaidia, lakini meza ina seremala wake.

Jina lilivyohama

Lawama za mkanganyiko wa jina hutupiwa Hollywood. Si haki. Julai 1823 kisa kilipandishwa jukwaani London, katika tamthilia ya Richard Brinsley Peake. Kwenye orodha ya wahusika, pale palipopaswa kuwa na jina la kiumbe, palichorwa vistari tu. Mary, aliyekuwa amerudi kutoka Italia mjane, alikwenda kuitazama, na alimwandikia rafiki yake kwamba namna ile ya kumtaja asiyetajika ilimpendeza. Lakini tamthilia hiyohiyo ilimnyang'anya kiumbe kitu kikubwa kuliko jina, nacho ni ulimi. Jukwaani alikuwa bubu. Ikampa pia Victor msaidizi, Fritz, babu wa yule Igor ambaye watu huapa yumo kitabuni. Kufikia mwaka 1848, Elizabeth Gaskell aliandika katika riwaya yake "Frankenstein" akimaanisha kiumbe. Mary alikuwa bado hai.

Filamu ya mwaka 1931 ilikamilisha kazi. Kichwa bapa na vyuma shingoni ni ubunifu wa Jack Pierce, mpambaji wa nyuso, juu ya uso wa mwigizaji Boris Karloff. Kitabuni kiumbe ana nywele nyeusi zinazong'aa, meno meupe kama lulu, ngozi ya manjano na midomo myeusi. Victor alichagua kila kiungo kwa uzuri, na uzuri huo ndio unaotisha ulipounganishwa. Kinu cha upepo kinachoteketea nacho ni cha filamu. Hayo ni madogo. Badiliko kubwa ni ubongo: katika filamu msaidizi anaangusha chupa yenye ubongo mzima na kuiba wa mhalifu. Ghafla kiumbe ni mbaya kwa sababu amezaliwa mbaya, na muundaji wake amepata bahati mbaya tu. Mary aliandika kinyume chake. Kiumbe wake anasema waziwazi kwamba alikuwa mwema, na mateso ndiyo yaliyomgeuza.

Kwa hiyo anayelinganisha akili mnemba na Frankenstein ajue anatumia kisa kipi. Akitumia filamu, anaonya juu ya mashine yenye ubongo mbovu. Akitumia kitabu, anauliza juu ya waliounda kitu, wakakiona kinapumua, wakatoka chumbani.

Maisha yaliyobaki ya Mary yalikuwa ya kazi. Binti yake Clara alifia Venice mwaka 1818, mwanawe William akafia Roma mwaka 1819. Mtoto mmoja tu, Percy Florence, ndiye aliyekua. Mumewe alizama katika dhoruba pwani ya Italia tarehe 8 Julai 1822, naye Mary ana miaka 24. Baba mkwe alikubali kumsaidia mjukuu kwa sharti kwamba maisha ya Percy yasiandikwe, basi Mary akazihariri tungo zake na kujaza maelezo pembeni, wasifu uliojificha ndani ya tanbihi. Aliandika riwaya nyingine, na ile ya 1826, The Last Man, yenye tauni inayowamaliza wanadamu mwishoni mwa karne ya 21, inasomeka leo kwa woga mwingine kabisa. Alifariki London tarehe 1 Februari 1851. Ndani ya dawati lake walikuta kipande kilichokaushwa cha kile kilichoaminika kuwa moyo wa mumewe, kimefungwa katika ukurasa wa shairi.

Ukitaka kukisoma, kuna matoleo mawili makuu. Lile la 1831 Mary alilirekebisha na kulitia jina lake na utangulizi wa usiku wa Geneva. Humo Victor anaonekana zaidi kama mtu aliyeburutwa na majaliwa. Mimi nachagua la 1818, ambamo anachagua mwenyewe na kila hatua ni yake. Na kama una muda wa sura moja tu, tafuta ile ya De Lacey, mzee wa ile familia maskini. Ni kipofu, yuko peke yake nyumbani, na kiumbe amekusanya ujasiri wa miezi mingi kuja kubisha hodi. Wanaongea. Mzee anamsikiliza kwa upole, kwa kuwa hamwoni. Nje nyayo za wenyeji zinakaribia. Kiumbe anamshika mkono akimwomba asimtupe, na mzee, kwa mshtuko, anauliza: "Wewe ni nani?" Mlango unafunguliwa kabla hajajibu.